Prosesa ya efekti za gitaa jukwaani: kwa nini sauti iliyopendeza chumbani hupotea ukumbini

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wapiga gitaa wanaotumia, au wanaofikiria kutumia, prosesa ya kidijitali ya efekti katika maonyesho badala ya kubeba amplifaya na msururu wa pedali. Nimepiga kwa prosesa kwa muda mrefu sasa, kwanza nikiwa mpiga ridhimu na baadaye mpiga solo, na karibu makosa yote niliyoyafanya yalitokana na jambo moja: kuitengeneza sauti mahali ambapo haitatumika. Ningependa tulijadili kwa kina, kwa sababu nawaona wengi wakilaumu kifaa, wakakiuza na kununua kingine cha bei kubwa zaidi, kisha wakarudi na malalamiko yaleyale.

Naanza na yaliyonikuta mwenyewe. Onyesho langu la kwanza na prosesa nililiandaa kwa wiki tatu, usiku, nikiwa na hedifoni masikioni. Nilikuwa na priseti (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa) zipatazo arobaini, kila wimbo na yake. Sauti ya solo ilikuwa pana, yenye besi nzito na mwangwi uliohama kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Jukwaani, wimbo wa pili ulipofika kwenye solo, nilikanyaga swichi, nikapiga noti ya kwanza, na gitaa likatoweka. Nilikuwa nikiviona vidole vyangu vikivuta nyuzi na mita ya prosesa ikipanda, lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa mngurumo uliozama ndani ya besi, na juu yake mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Fundi sauti aliinama kwenye mikisa akahangaika kukata huku na kuongeza kule, na alipopata nafuu, solo ilikuwa imeshakwisha.

Sababu si fumbo. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vya usikivu vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa uwiano uleule katika kila kiwango cha sauti. Sauti ikiwa ndogo, besi na trebo ya juu kabisa hufifia masikioni kuliko sauti za kati. Ikipandishwa hurudi kwa nguvu, hasa besi. Kwa hiyo anayetengeneza priseti usiku kwa sauti ya chini huongeza besi na trebo mpaka sikio lake litosheke, na papo hapo anakuwa amezizika zile sauti za kati, baina ya Hz 500 na Hz 3,000 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), ambazo ndizo makazi ya gitaa ndani ya bendi. Priseti hiyohiyo ikipelekwa ukumbini na kupandishwa ilingane na kishindo cha ngoma, besi hufurika, trebo huchoma, na gitaa lenyewe halionekani lilipo.

Spika nazo zinachangia. Spika ya gitaa ya inchi 12 ina mipaka yake: ikishapita Hz 5,000 au 6,000 nguvu yake huporomoka haraka, na ndiyo maana distoshoni, ambayo kwa asili imejaa mikwaruzo ya juu, husikika laini inapopitia kwenye kabineti. Spika za ukumbi hupanda hadi karibu Hz 20,000 na hutoa kila mkwaruzo unaopelekewa. Ili kuiga kabineti, prosesa hutumia faili la IR, yaani kumbukumbu fupi ya jinsi kabineti fulani iliyo mbele ya maikrofoni fulani inavyoitikia mshindo mmoja. Faili la sampuli 2,048, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, lina urefu wa milisekunde 43 tu, lakini ndani ya muda huo mdogo imo sehemu kubwa ya tabia ya mbao, ya koni na ya umbali wa maikrofoni. Mimi humshauri mtu atumie saa yake ya kwanza kuchagua IR kabla ya kuanza kubadilisha modeli za amplifaya, kwa kuwa IR isiyofaa huharibu kila amplifaya utakayoiweka mbele yake.

Baada ya IR huweka vichujio viwili: kimoja kinakata kila kilicho chini ya Hz 90 au 100, kingine kinakata kuanzia Hz 6,000 au 7,000 kwenda juu. Wengi huogopa kukata besi. Uzi mnene wa gitaa, ile E ya chini, una Hz 82, na uzi mnene wa gitaa la besi una Hz 41. Eneo lile la chini ni la mpiga besi na ngoma ya mguu, na gitaa likiingia humo linagombana na watu wawili kwa wakati mmoja. Ukilisikiliza gitaa peke yake baada ya kukata, utaliona jembamba. Liache hivyo. Bendi ikiingia, wembamba huo ndio unaolipatia nafasi.

Siku hizi priseti zangu zote huzitengenezea mazoezini, bendi ikipiga, kwa spika zinazofanana na zile za ukumbini, na kwa sauti ya jukwaani. Nyumbani napanga tu mpangilio wa efekti na swichi. Angalizo moja la afya: kwa kipimo kinachotumiwa na NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 94 una saa moja tu. Fanya marekebisho kwa vipindi vifupi, kisha pumzisha masikio. Sikio lililochoka litakudanganya kama lilivyokudanganya lile la usiku.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta uzi, asante kwa mada hii. Mimi si mpiga gitaa. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya mikisa, na ningependa kuongeza ninayoyaona kutoka upande wangu.

Mpiga gitaa mwenye prosesa hunirahisishia kazi sana endapo atanipa ishara safi. Tafadhali tumieni mlango wa XLR ikiwa kifaa kinao. Ndani ya kebo hiyo ishara husafiri kwenye nyaya mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa kinyume cha mwingine, na mikisa inapochukua tofauti ya nyaya hizo, kelele iliyoingia njiani kwenye zote mbili hufutika. Umbali wa mita 20 au 30 hausumbui. Waya wa kawaida wa jeki hauna kinga hiyo, na ukishapita mita sita hivi huanza kuokota kila mvumo wa taa na transfoma. Kama kifaa kina jeki pekee, DI (kisanduku kinachogeuza ishara ya jeki ipite kwenye kebo ya XLR) itafanya kazi hiyo, nasi mafundi huwa nazo.

Kabla ya kuchomeka, niambie kifaa kinatoa kiwango gani. Kiwango cha laini cha kitaalamu, +4 dBu, ni volti 1.23, ilhali ishara ya maikrofoni hupimwa kwa milivolti. Prosesa nyingi zinakuruhusu kuchagua kati ya hivyo viwili kwenye menyu. Nikifungua mlango nikitarajia maikrofoni, nawe ukaleta laini, mlango wangu unafurika kabla hata hujapiga kodi kamili. Niulize pia kuhusu ile volti 48 tunayoipeleka kwenye maikrofoni za kondensa, kwa sababu baadhi ya prosesa haziipendi kwenye milango yake ya kutoa, na kwenye mikisa nyingine swichi moja huiwasha kwa milango mingi kwa pamoja.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni priseti zisizolingana. Mpiga gitaa huniletea sauti safi, napanga kiwango, kisha katikati ya wimbo anaingia na distoshoni inayomfunika mwimbaji. Ukimwuliza, anasema mita ilionyesha zinalingana. Mita ilionyesha vilele. Sauti safi ina vilele virefu na mwili mdogo, ilhali distoshoni imeshabanwa, vilele vyake vimekatwa na mwili wake umejaa, hivyo zikiwa sawa kwenye mita ya vilele, distoshoni husikika kubwa zaidi kwa mbali. Zilinganisheni kwa masikio, kwa sauti kubwa, huku ngoma zikipigwa. Na vilele viacheni desibeli 6 hadi 12 chini ya ukomo, kwa kuwa ukomo wa kidijitali haubembelezi. Ishara ikiugonga inapasuka, na hakuna ninachoweza kufanya kuirudisha.

La mwisho ni stirio. Kumbi nyingi hupeleka mono, au zina spika zilizotengana kiasi kwamba aliyekaa kushoto hausikii upande wa kulia. Efekti ya korasi inayopendeza kwa upana wake kwenye hedifoni inaweza kujifuta yenyewe pande zake mbili zinapounganishwa. Jaribuni priseti zenu kwa mono kabla hamjaja.

Mchangiaji wa pili

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni katika matumizi ya prosesa, na naomba msaada. Ninapobadili priseti kutoka kwenye beti kwenda kwenye kiitikio, sauti hukatika kidogo, na mwangwi wa noti ya mwisho hukatwa ghafla. Je, kifaa changu ni kibovu? Vilevile dilei yangu (efekti ya kurudia noti) haikai kwenye mdundo. Wakati mwingine inasikika kana kwamba kuna mpiga gitaa wa pili asiyejua wimbo.

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Kifaa chako hakina ubovu. Unapobadili priseti, prosesa huondoa amplifaya, IR na efekti zote za priseti ya kwanza kwenye kumbukumbu yake na kupakia za ile ya pili, na kazi hiyo huchukua muda, hata kama ni sehemu ndogo ya sekunde. Chumbani huioni. Jukwaani, pale kiitikio kinapotakiwa kuangukia kwenye pigo la kwanza, ule ukimya wa nusu pigo unasikika kama mtu aliyejikwaa mlangoni.

Dawa yake ni kutumia priseti moja kwa wimbo mzima, au hata kwa onyesho zima, na ndani yake ukabadili hali. Kampuni nyingine huziita hali hizo snepshoti, nyingine sini. Efekti zote huwa zimeshapakiwa. Unachobadili ni kipi kimewashwa, kipi kimezimwa na kila kitasa kimesimama wapi, kwa hiyo hakuna ukimya wa kupakia, na mkia wa dilei unaweza kuendelea chini ya sauti mpya. Gharama yake ni kwamba kila efekti iliyomo kwenye priseti hula nguvu ya chipu, mara nyingi hata ikiwa imezimwa, hivyo huwezi kujaza kila kitu. Kwangu hilo limekuwa neema. Zile priseti arobaini zimebaki tatu.

Mpangilio wa swichi nao ni wa kuzingatia. Kwangu, swichi ya kwanza ya safu ya chini kutoka kushoto daima ni sauti safi, ya pili ni ridhimu yenye ukwaruzo kidogo, ya tatu ni ridhimu nzito, ya nne ni solo, na hilo halibadiliki katika priseti yoyote. Safu ya juu nimeiachia efekti ambazo nikizikosa wimbo hauharibiki. Naziweka pale kwa sababu ili kuifikia safu ya juu inabidi kuunyanyua mguu mzima, uzito wote unahamia mguu mwingine, na mkono wa kushoto unatetereka. Ilhali safu ya chini naifikia kwa ncha ya kiatu, kisigino kikiwa bado sakafuni. Fanya mazoezi ukiwa umevaa kiatu kilekile cha onyesho. Soli pana inaweza kukanyaga swichi mbili kwa pamoja, na utajua hilo mbele ya watu usipolijua mapema.

Kuhusu solo, usiongeze geini (ukuzaji wa ishara unaozaa distoshoni). Distoshoni ikiongezwa huibana sauti zaidi, na sauti iliyobanwa hurudi nyuma ya bendi badala ya kutoka mbele. Mimi huongeza desibeli tatu mwishoni kabisa mwa mnyororo, baada ya IR, na kupandisha kidogo masafa ya Hz 1,000. Inatosha. Na ni vizuri kumjulisha fundi sauti kwamba nyongeza hiyo ipo, asije akaipunguza akidhani umekosea.

Kwa dilei, gawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kwa pigo; ukitaka ule mrudio unaocheza katikati ya mapigo, chukua robo tatu yake, yaani milisekunde 375. Lakini hesabu hii ni sahihi tu kama mpiga ngoma anafuata metronomu. Kama hafuati, na bendi nyingi nzuri hazifuati, tumia swichi ya kugonga tempo mwanzoni mwa kila wimbo na tena kabla ya solo, na uweke mrudio mmoja au miwili tu, kwa sauti ya chini. Mirudio sita inayoachana na ngoma ndiyo yule mpiga gitaa wa pili unayemsikia. Mwangwi wa chumba nao upunguze kuliko unavyopenda nyumbani, kwa sababu ukumbi una wa kwake na hauna swichi ya kuuzima.

Mchangiaji wa tatu

Nimefuatilia mjadala kwa makini, na ninakubaliana na mengi. Hata hivyo, mimi nina amplifaya ya valvu ambayo siko tayari kuiacha, hivyo natumia prosesa kwa efekti pekee. Nilipoiunganisha mara ya kwanza, sauti ilikuwa imefunikwa kama na blanketi zito. Pia nasikia kwamba vifaa vya kidijitali vinachelewesha sauti, na nikipiga nahisi kama kuna kitu kati ya kidole changu na spika. Je, ni hisia tu?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hilo blanketi kwa kiasi kikubwa huenda ni IR iliyobaki imewashwa. Ukipeleka sauti kwenye kabineti halisi huku prosesa ikiiga kabineti nyingine, ishara inapita kwenye kabineti mbili, na trebo inakatwa mara mbili. Izime IR kwenye mlango unaokwenda kwenye amplifaya. Vifaa vingi vinakuruhusu kuibakiza kwenye mlango wa XLR unaokwenda kwa fundi sauti. Ikiwa amplifaya yako ina lupu ya efekti (milango ya kutoa ishara baada ya geini na kuirudisha), unganisha kwa nyaya nne: gitaa liingie kwenye prosesa, prosesa itume ishara kwenye mlango wa mbele wa amplifaya, lupu ya amplifaya irudi kwenye prosesa, na prosesa imalizie kwenye mlango wa kurudishia wa lupu. Hapo efekti kama wawa na kompresa zitakaa kabla ya geini ya valvu zako, na dilei na mwangwi zitakaa baada yake, mahali pake panapostahili.

Kuhusu ucheleweshaji, si hisia tu, ila mara nyingi chanzo si kile tunachokishuku. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewani, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Ukisimama mita tatu kutoka kwenye amplifaya, unaisikia baada ya milisekunde tisa hivi, na hakuna aliyewahi kuilalamikia amplifaya kwa hilo. Prosesa nzuri huchelewesha takriban milisekunde mbili, sawa na kurudi nyuma sentimita 70. Tatizo huanza vinapojumlishwa: waya-huru ya kidijitali, kisha prosesa, kisha mikisa ya kidijitali, kisha spika ya jukwaani iliyowekwa mbali. Pima jumla, na usogeze spika karibu kabla ya kununua chochote.

Lipo jambo la hatari zaidi ambalo wachache hulitaja. Ukimpelekea fundi sauti maikrofoni ya amplifaya pamoja na mlango wa moja kwa moja wa prosesa, na mmoja ukachelewa milisekunde moja tu nyuma ya mwingine, sauti hizo mbili zikichanganywa kwa nguvu sawa zitafutana kwenye Hz 500, Hz 1,500, Hz 2,500 na kuendelea, na gitaa litasikika kama limepitishwa kwenye bomba. Chagueni njia moja.

Mchangiaji wa kwanza

Naunga mkono hoja hiyo ya mwisho kwa mikono miwili. Ningeongeza suala la umeme. Nimeshuhudia umeme ukikatika kwa sekunde moja. Spika na taa zilirudi papo hapo, lakini mpiga gitaa alisimama karibu dakika nzima akisubiri prosesa iwake. UPS (betri ya akiba) ndogo chini ya jukwaa ingemwokoa. Adapta nayo iwe ni ile ya kifaa chenyewe, kwa sababu volti, uwezo wa miliampea na uelekeo wa chanya na hasi vyote vinapaswa kulingana, na plagi kuingia vizuri haimaanishi kwamba vinalingana.

Mchangiaji wa pili

Nawashukuru sana. Nimebakiwa na swali moja. Geti ya kelele (efekti inayonyamazisha ishara ikishuka chini ya kizingiti) niliyoipanga nyumbani ilifanya kazi vizuri, lakini ukumbini ilikuwa inaruhusu mvumo, na nilipoibana ikaanza kukata noti zangu ndefu.

Mleta uzi

Mdogo wangu, mvumo wa nyumbani si mvumo wa ukumbini. Pikapu za koili moja huokota kelele za taa na dima (vifaa vya kupunguza mwanga), na taa hizo huwa hazijawashwa unapofanya majaribio mchana. Iweke geti kabla ya distoshoni, na ipange mwisho kabisa, kila kitu kikiwa tayari. Mwombe fundi wa taa awashe zote, simama mahali utakaposimama wakati wa kupiga, geuka kidogo kulia na kushoto uone ni upande gani mvumo unapungua, weka kiganja juu ya nyuzi, kisha pandisha kizingiti polepole mpaka pawe kimya. Hapo piga noti moja ya juu, uivute, na uiache ife yenyewe. Ikikatwa kabla haijaisha, rudisha kizingiti nyuma kidogo na upige tena.